Miaka Thelathini na Minne ya Nukada na Mbweha wa Chikapunai

Jumatatu tarehe 31 Machi, Bwana Nukada Isao, mtafiti wa uwandani wa Kituo cha Mbweha cha Rasi ya Horonupe, anastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na minne na miezi kumi na moja. Alianza kazi tarehe mosi Mei 1990, akiwa na umri wa miaka thelathini, nywele nyingi na vidole kumi vya miguu. Anaondoka na nywele chache na vidole vinane. Habari za nywele kila mtu anazijua. Za vidole nitazieleza mimi, maana kijijini zimeshageuzwa hadithi, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake.

Mkuu wa kituo amenipa ukurasa huu wa jarida letu kwa sababu wanaojua kuandika vizuri hapa hawajamaliza hata miaka mitatu. Mimi nimepika katika jiko la kituo miaka ishirini na saba. Shule niliondoka na miaka kumi na mitano, na nusu ya miaka hiyo nilikuwa ufukweni naanika mwani. Mkuu kasema niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi.

Nukada alifika na gari la kuazima, darubini moja, na sanduku la madaftari. Wanakijiji walidhani ni fundi wa nguzo za umeme. Siku tatu nzima watu walimsimamisha njiani kumweleza taa zao zilizoungua, naye kwa adabu yake akawa anaandika majina yao na aina ya taa. Siku ya nne ndipo alipopata nafasi ya kusema kwamba amekuja kuokota mavi ya mbweha.

Ndiyo kazi yake hiyo, na hakuna haja ya kuipaka rangi. Mbweha wetu wana minyoo midogo kama punje za ufuta. Mbweha mwenyewe haimsumbui. Mayai ya minyoo hutoka na mavi, yakaingia kwenye vijito na kwenye mboga za porini, na mtu akiyameza hajui kitu kwa miaka kumi. Kisha anaanza kuwa wa manjano. Ini linakuwa kama sifongo. Mume wangu Kanji alikufa hivyo mwaka 2003, akiwa na miaka hamsini na tisa, na hakuwa mtu wa kuugua hata mafua.

Kabla ya Nukada, dawa yetu ilikuwa bunduki. Mbweha wa rasi walipigwa kila majira ya baridi, na kila majira ya kuchipua walikuwa wamejaa tena, wageni kutoka milimani, wenye minyoo mingi kuliko wa kwanza. Nukada alikaa miaka miwili akiwahesabu, akiwavisha mikanda ya shingoni yenye redio ndogo ndani, akiwafuata kwa miguu na kipokezi kinacholia tik, tik, tik. Mwisho akawaambia wakubwa wa kijiji kwamba badala ya kuwaua, awape dawa ya minyoo. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Yeye akangoja wamalize kucheka, akaendelea pale pale alipokuwa ameishia.

Chambo cha dawa nakitengeneza mimi. Unga wa samaki, mafuta, dawa, unakanda na kukata vipande. Kipande kikiwa na harufu ya sabuni ya mikono, mbweha anakikojolea na kwenda zake. Nimekatazwa sabuni yenye manukato tangu mwaka 1998, na kwa hilo Nukada hajawahi kuniomba radhi. Vilevile hajaomba radhi kwa kuweka mavi mia mbili katika friza yangu, ndani ya mikebe iliyofanana kabisa na mikebe ya mayai ya samaki. Nilifungua mmoja siku ya wageni. Tangu siku ile kituo kina friza mbili, na yake ina kufuli, na ufunguo ninao mimi.

Tabia zake nyingine mnazijua. Mbweha hakumpa jina hata mmoja, ni namba tu, na namba ya aliyekufa haikurudiwa. Akila wali wa kufinyangwa porini aligeuza mgongo mbele ya shimo la mbweha, eti kumtazama mama mwenye watoto huku unatafuna ni utovu wa adabu. Kwenye harusi ya mpwa wangu alikaa meza ya pembeni, na mbwa wa majirani wote walikusanyika nje ya ukumbi wakibweka upande wake. Hakuoa. Alipoulizwa, alisema hajapata mtu anayependa kuamka saa tisa usiku.

Kazi yake imezaa matunda, na sisemi hivyo kwa sababu anaondoka. Alipoanza, katika kila mavi mia moja ya mbweha wa rasi, hamsini na nane yalikuwa na minyoo. Mwaka jana yalikuwa manne.

Isipokuwa Chikapunai.

Chikapunai ndipo nilipozaliwa. Ni kilomita sita kutoka barabarani, nyumba tisa chini ya mwamba, watu wa mwani. Wa mwisho waliondoka mwaka 1974. Nyumba zimebaki zimeinama, theluji ikiingia na kutoka inavyopenda, na chini ya sakafu za nyumba hizo mbweha wamezaliana wakati wote ambao sisi tumekuwa tukizisahau. Hao hawaokoti chambo nje. Kila walichowekewa njiani walikizunguka. Na kila majira ya kupukutika, watoto wao walisambaa rasi nzima na minyoo tumboni, kazi ya mwaka mzima ikaanza kuharibika upya.

Kwa hiyo mwaka jana halmashauri ya kijiji iliamua: nyumba zote tisa zibomolewe, mashimo yazibwe, na mbweha watakaotoka wapigwe. Kilichohitajika ni muhuri wa mwenye nyumba kwenye karatasi, na mwisho wa kupokea karatasi ni tarehe 31 Machi, siku ile ile anayostaafu Nukada. Wenye nyumba wanane au warithi wao waligonga mihuri kabla ya mwaka mpya. Nyumba ya tisa ni ya marehemu mama yangu, na muhuri ni wangu. Ni ya katikati, na kuta zake zimeegemewa na za jirani pande zote mbili. Ikibaki hiyo, mtambo wa kubomolea hauwezi kugusa nyingine.

Bwana Kadowaki wa halmashauri alikuja jikoni mwezi wa kwanza na karatasi yake ndani ya plastiki. Nukada alikuwa kwenye sinki, anaosha kikombe.

"Bibi Hirobe, wenzako wote wamegonga."

"Na mimi nitagonga. Umeona nina mikono ya unga?"

"Nitangoja unawe."

"Utangoja sana, Kadowaki. Huo unga ni wa chambo, na sabuni nimekatazwa."

"Bibi, mimi nilidhani wewe ungekuwa wa kwanza. Kwa ajili ya marehemu."

"Marehemu usimlete jikoni kwangu. Acha karatasi, nenda."

Alikuwa na haki ya kudhani hivyo. Miaka ishirini na mbili nilisema mbele ya kila mtu kwamba mbweha wa mwisho akifa nitapika wali mwekundu wa sherehe. Nukada amekula chakula changu miaka yote hiyo huku akinisikia nikisema hivyo, na hakuwahi kubishana nami hata siku moja. Siku hiyo alikausha kikombe, akakitundika, akageuka.

"Bibi, unaniruhusu kuingia ndani ya nyumba ya mama yako? Nje hawali. Nataka kuweka dawa chini ya sakafu yenyewe."

"Ingia. Siku hizi si nyumba ya mama, ni ya mbweha."

"Naomba ruhusa yako, si ya mbweha."

"Si nimesema ingia! Unataka nikuandikie barua?"

Alikwenda Jumatano ya tarehe 12 Februari, saa tatu asubuhi, peke yake. Kanuni ya kituo ni watu wawili. Binti Nishigori, anayechukua nafasi yake, alikuwa amepeleka sampuli mjini, na Nukada akaona asimngoje, siku zinakwisha. Hilo lilikuwa kosa la kwanza na nilishamtukana kwa ajili yake, kwa hiyo nalipita.

Kosa la pili hakuna mtu ambaye angelifanya isipokuwa yeye. Mama yangu alikuwa na baraza ya kuvulia viatu kama nyumba zote, jiwe bapa, kisha ngazi moja, kisha mikeka. Mikeka sasa ni nyasi iliyooza. Paa limeanguka nusu, kwenye sebule kuna theluji ya kufika magotini. Nukada akasimama kwenye lile jiwe, akavua buti zake, akazigeuza pua zielekee mlangoni kama mgeni yeyote aliyelelewa, akapanda na soksi. Akatambaa hadi kwenye ubao uliong'oka karibu na iliyokuwa madhabahu ya wazee wetu. Akaingiza mkono, akaweka vipande thelathini. Kipokezi kilikuwa kinalia mfukoni. Ilikuwa namba 61, mbweha jike wa nyumba ile, na alikuwa karibu sana.

Aliporudi barazani buti moja halikuwapo.

Hapo nje hewa ilikuwa imegeuka. Ninyi mliozaliwa hapa mnajua theluji ile isiyoanguka, inayosimama tu hewani, nyeupe juu na nyeupe chini, ukinyoosha mkono huoni saa yako. Saa nne na nusu asubuhi. Aliona nyayo za mbweha zikitoka mlangoni, na kando yake mstari, mahali ambapo kisigino cha buti kilikuwa kikiburutwa. Baada ya hatua kumi nyayo zikaisha. Anasema hazikuzibwa na theluji. Ziliisha.

Akafunga mguu wa kushoto kwa skafu, juu yake mfuko wa chambo, juu yake kamba. Njia hakuiona. Simu haishiki kule. Kushoto kwake kulikuwa na mwamba wa kuangukia baharini, kulia milima. Alichokuwa nacho ni kipokezi. Na kipokezi kiliendelea kulia, tik, tik, tik, namba 61, polepole, mlio wa mnyama anayetembea. Mlio ulikuwa mbele yake.

Nukada ni mtu wa sayansi, na haya ninayaandika kama alivyoyasema kitandani hospitalini, mbele yangu na mbele ya Nishigori. Alisimama, mlio ukabaki na nguvu ile ile. Akatembea, nao ukabaki na nguvu ile ile. Maana yake aliyekuwa mbele naye alisimama na kutembea. Mara mbili alisikia theluji ikikandamizwa, si kwa uzito wa mbweha. Mara moja alinusa moshi wa mwani unaochemshwa, harufu ambayo rasi hii haijainusa kwa miaka hamsini, na ambayo yeye, aliyekuja mwaka 1990, hana mahali alipowahi kuinusa. Alinieleza ilivyo. Aliieleza sawasawa.

Alitembea hivyo saa tatu na nusu. Saa nane mchana dereva wa greda la theluji alimkuta amesimama katikati ya barabara, kipokezi sikioni, hakilii tena. Mlio ulikuwa umekatika mguu wake ulipokanyaga lami.

Vidole viwili vilikatwa wiki hiyo hiyo.

Nilikwenda hospitali na supu kwenye chupa, na hasira ya kutosha wodi nzima.

"Nyumba imeanguka nusu!" nikamwambia. "Theluji iko sebuleni! Na wewe umevua viatu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Miaka sitini na mitano! Una akili wewe, au waliikata pamoja na vidole?"

"Ilikuwa nyumba ya mama yako, Bibi."

Nikamkabidhi chupa, nikaenda kusimama dirishani. Nishigori akaniuliza kama nina mafua.

Kijijini mnajua kilichofuata. Walisema mbweha amemchezea akili mzee wa mbweha. Walisema 61 alimchukulia kiatu ili asirudi. Kadowaki, ambaye si mtu mbaya, aliniambia dukani, "Unaona sasa, Bibi? Wametoka kwenye minyoo, wameingia kwenye uchawi. Gonga muhuri tumalize." Mbele ya watu nikamjibu kwamba nitagonga. Nilikuwa na hofu, na nikiwa na hofu mimi hukubali haraka.

Lakini kazi ya Nukada ilikuwa haijaisha, na yeye alikuwa na mguu mmoja hewani. Mtu alipaswa kwenda kuona kama dawa imeliwa, na kuokota mavi yapimwe kabla ya mwezi kwisha. Nishigori alitaka kwenda na mtu anayeijua nyumba. Tarehe 9 Machi, saa tano asubuhi, jua kali, hakuna upepo, tulifika Chikapunai. Nilikuwa sijakanyaga pale tangu mama azikwe.

Theluji mbele ya nyumba ilikuwa safi kama shuka. Hakuna unyayo wa kiumbe, si wa kuingia wala wa kutoka.

Barazani kulikuwa na viatu arobaini na vitatu.

Mbweha huiba viatu, hilo Nukada ameliandika katika daftari la mwaka 1993, na kila mtu hapa ameshapoteza kandambili. Watoto wao huvichezea. Sawa. Lakini viatu huwa vimetupwa ovyo, vimetafunwa. Hivi vilikuwa vimepangwa mistari mitatu, kimoja kimoja, vya watu wazima na vya watoto, vingine vya mtindo wa zamani ambao hauuzwi tena, na vyote, pua zimeelekea mlangoni. Ndivyo tunavyovipanga wageni wakiwa ndani. Ukiona viatu hivyo unajua nyumba imejaa watu, unashusha sauti. Mimi nilishusha sauti. Nishigori, aliyesoma chuo kikuu, naye alishusha sauti.

Pea kamili haikuwapo hata moja. Buti la kushoto la Nukada lilikuwa pale pale alipoliacha, kavu.

Na kwenye mstari wa mbele, mwisho kushoto, mahali ambapo mkwe huweka viatu vyake akija kwa wazazi wa mkewe, kulikuwa na buti la mpira lenye herufi za wino ndani ya kisigino. Herufi hizo niliziandika mimi. Kanji alilipoteza mwaka 1998 akalitafuta wiki nzima, akanilaumu mimi.

"Bibi, nilichukue?" Nishigori akanong'ona. "Kama ni lake?"

"Usiguse."

"Lakini..."

"Nimesema usiguse. Hujui kama amemaliza kukaa."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilivua viatu vyangu. Nishigori alinitazama, halafu akavua vyake, na tukapanda juu ya nyasi ile iliyooza kama watu waliokaribishwa.

Vipande vyote thelathini vya chambo vilikuwa vimeliwa. Mavi yalikuwapo ya kutosha, mapya, Nishigori akaokota vipande ishirini na viwili kwa kijiko na glavu. Mimi nilikuwa na tochi. Chini ya ubao uliong'oka niliona mkanda wa redio. Ngozi ilikuwa imetafunwa na kukatika, na mkanda wote ulikuwa umefungwa ndani ya barafu nene, na ndani ya barafu ile, juu ya mkanda, kulikuwa na majani ya manjano ya misonobari yetu inayopukutika. Yale majani huanguka mwezi wa kumi. Mkanda ulikuwa umelala pale tangu mwezi wa kumi.

Nishigori akaketi chini. Mkanda ukilala muda mrefu bila kutikisika, mlio wake hubadilika, unakwenda mbio, ili mtafiti ajue mnyama amekufa au mkanda umemtoka shingoni. Nukada alisikia mlio wa polepole, mbele yake, saa tatu na nusu, huku mkanda uko nyuma yake ndani ya barafu.

Nilisogeza tochi. Mbali kidogo na mkanda kulikuwa na macho mawili.

Alikuwa amejilaza amejikunja, mkia juu ya pua, na shingoni kulikuwa na pete ya manyoya yaliyolika pale mkanda ulipokaa. Tumbo lilikuwa kubwa. Alinitazama. Hakunguruma, hakurudi nyuma. Miaka ishirini na mbili nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia mbweha, na ndiye wa kwanza kunisikiliza.

"Wewe," nikamwambia. "Wewe au mama yako, au mama wa mama yako. Mlimkausha mume wangu akawa mwepesi kuliko mto wa kulalia. Unanielewa?"

Akapepesa macho.

"Usijifanye hunijui. Nimezaliwa hapa juu yako."

Kisha chumba cha pili, ambacho hakina sakafu, kilitoa mlio wa mtu anayeinuka kutoka kwenye mkeka akiwa na magoti mabaya. Nishigori aliusikia. Ameniruhusu niandike kwamba aliusikia. Mbweha naye aliusikia, maana masikio yake yaligeukia kule, yakatulia, kama masikio ya paka wa nyumbani akimsikia mwenye nyumba. Tukatoka kinyumenyume, tukiinama kila hatua. Tulivaa viatu vyetu kwenye theluji, nje.

Nilipomweleza Nukada, aliomba daftari. Aliandika mistari sita. Nikamwambia asome kwa sauti.

"Mlio uligonga mwamba ukarudi," akasoma. "Ndiyo maana niliusikia mbele."

"Na kwa nini ulikuwa polepole?"

"Betri, labda. Baridi huichosha."

"Na viatu?"

"Viatu hukusanywa na mbweha. Kuhusu mpangilio: sababu haijulikani."

"Na moshi wa mwani?"

Alifunga daftari. "Moshi sikuuandika, Bibi," akasema. "Huo ni wako."

Mavi ishirini na mawili yamepimwa mara mbili, tarehe 17 na tarehe 20 Machi. Hayana yai hata moja. Kwa mara ya kwanza tangu Nukada aanze kuhesabu, nyumba ya katikati ya Chikapunai haina minyoo. Majibu haya yamepelekwa halmashauri. Halmashauri imejibu kwamba inampongeza, na kwamba uamuzi wa kubomoa uko pale pale, wanangoja muhuri mmoja. Kadowaki mwenyewe alikuja kuniambia, akakaa kwenye kiti cha Nukada, akala maandazi yangu manne.

"Mwaka huu hawana," akasema. "Mwakani je? Nani atatambaa humo ndani? Yule binti?"

"Yule binti ana magoti mazuri kuliko yako."

"Bibi, sikutanii. Wewe ni mjane wa ugonjwa huu. Ukikataa wewe, atakayeugua kesho atamlaumu nani?"

Swali hilo ni la haki, na sikulijibu siku ile. Nalijibu hapa, kwenye jarida la kituo, kwa sababu Nukada atalisoma kwenye sherehe akiwa ameketi na mguu wake juu ya stuli, na sitaki kumwambia usoni, ataanza kuinama na kunishukuru na chakula kitapoa.

Atakayeugua kesho anilaumu mimi. Nyumba ni yangu. Tuliwaua mbweha miaka mingi na Kanji akafa. Mtu mmoja aliwalisha dawa kwa mkono zaidi ya miaka thelathini, na tangu mwaka 2011 hakuna jina jipya katika orodha ya wagonjwa wa Horonupe. Mimi si msomi, lakini hesabu hiyo nimeiweza. Kila mwezi wa pili Nishigori ataingia kuweka chambo, nami nitakwenda naye kwa sababu wanaingia kwa mama yangu, na mgeni hapokelewi na nyumba tupu. Kama si tupu, basi ni bora zaidi awepo mtu wa kueleza tumefuata nini.

Karatasi ya Kadowaki iko jikoni, kwenye droo ya vijiko. Leo ndiyo siku yake ya mwisho na haina alama yoyote. Sikuugonga muhuri, na sitaugonga.

Bwana Nukada anahamia kwa dada yake Kushiro, kwenye nyumba yenye joto chini ya sakafu, na daktari kamwambia asitembee zaidi ya kilomita mbili. Atatembea nane. Kituo kinamshukuru kwa madaftari mia moja na kumi na sita, kwa mbweha mia tatu na tisa wenye namba, na kwa friza ambayo hatimaye nitaitumia kwa samaki. Mimi namshukuru kwa kuniomba ruhusa.

Namba 61 alizaa tarehe 24 Machi. Nishigori amehesabu watoto watano kwa kamera. Uende salama, Nukada, ule ushibe, ulale hadi jua litoke. Maisha yaliyobaki yakupokee vizuri.

Hirobe Sadayo
Jikoni, Kituo cha Mbweha cha Rasi ya Horonupe